Kilishio cha ndege cha dumu la mafuta: nilivyotengeneza, nilivyokosea, na unavyokiosha

Dumu la mafuta ya kula la lita tano likiisha usilitupe, wala usimpe yule kijana anayepita na kiroba akiokota plastiki, ngoja kwanza. Mi naishi Kimara, huku juu vilimani, uani kuna mwembe mmoja na mipapai miwili, na mwaka wa nne huu nalisha ndege kwa madumu. Sijanunua kilishio hata kimoja. Kuna vitu nimejifunza kwa kuharibu kwanza kwa hiyo naviandika hapa ili we usipitie nilikopitia.

Nianze na kilichoharibika. Ukiuliza watu kilishio cha nyumbani kinatengenezwaje, wengi watakuonyesha ile ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, inatobolewa matundu mawili mawili halafu miko miwili ya mbao inapitishwa katikati kama msalaba, nafaka inamwagikia kwenye kichwa cha mwiko, ndege anasimama kwenye mpini anakula. Kwa picha inapendeza sana. Nikatengeneza na watoto siku ya kwanza ya likizo, tukajaza chenga za mchele mpaka shingoni, tukatundika kwenye mwembe, tukakaa kibarazani kusubiri. Siku ya tatu ikanyesha. Mwiko ni mti, na mti unanyonya maji, maji yakafuata mpini yakaingia ndani, chenga zikavimba zikaziba tundu, na siku ya tano napita pale chini nasikia harufu ya togwa iliyochacha. Nikaishusha nikaipasua kwa kisu, chini uji, ukutani ukungu mweusi tii. Nikajaribu kuiosha yaani kile kipande, mkono hauingii, brashi ya chupa ya mtoto haifiki kwenye kona. Nikaitupa na miko yangu miwili, na mama watoto bado ananidai mmoja.

Toka siku hiyo nina sharti moja tu kwenye mambo haya: chombo ambacho mkono hauingii ukakisugua, sikitundiki. Ndege wakila sehemu moja wanajisaidia hapohapo, mate yao yako hapohapo, na mmoja akiwa mgonjwa wote waliokuja asubuhi wanaondoka nao. Tetere na njiwa hasa wana ugonjwa wao wa kooni unaoambukizana kwenye chakula na maji, na shomoro wanapata salmonela kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo kilishio kichafu ni kibaya kuliko kutokuwa na kilishio kabisa. Ndo maana nikahamia kwenye dumu, kwa sababu ukilikata madirisha mkono wote unaingia.

Sasa dumu lenyewe. Utahitaji kisu chenye ncha au kile cha kukatia makaratasi, mkasi, misumari miwili, mmoja wa nchi tatu na mmoja mwembamba wa nchi moja, plaizi ya kushikia msumari wa moto, kipande cha waya wa kufungia nondo kama urefu wa mkono mmoja na nusu, na kijiti kilichonyooka unene wa penseli, mi nakata cha mpera kwa sababu ni kigumu na hakiozi haraka.

Kwanza uoshe mafuta. Hapa watu wanapuuza. Manyoya ya ndege yakishika mafuta yanashikana, hayazuii tena maji wala baridi, na huyo ndege akijipangusa kwa mdomo anayameza. Tia maji ya moto ya kuvumilika mkono, yakiwa yanachemka dumu litasinyaa mbele ya macho yako, weka sabuni ya vyombo ya kutosha na ngumi moja ya mchanga msafi au mchele mbovu, funga kifuniko, tikisa kama unasukasuka maziwa. Mwaga, rudia mara tatu. Ukimaliza pitisha kidole ndani ya shingo, kikiteleza rudia tena. Halafu lianike kichwa chini mpaka likauke.

Ukishapata dumu kavu chora kwa makapeni. Lina pande mbili pana na mbili nyembamba, dirisha linakaa kwenye zile pana. Kutoka chini pima vidole vinne vya mkono wako vikiwa vimelala, hiyo ni sakafu, nafaka itakaa humo isimwagike. Kuanzia pale chora mstatili uliolala, vidole vitano kwenda juu, na kwa upana acha vidole viwili kila upande usifike kwenye kona, maana kona ndizo nguzo za nyumba, ukizikata dumu linalegea kama kofia. Sasa usikate mstatili wote! Kata chini na ubavuni tu, juu uache, halafu kile kibamba kikunje kwenda nje na juu kidogo. Umepata kibaraza. Mvua ya kawaida haitaingia, na jua la saa saba halitapiga chakula moja kwa moja. Fanya hivyohivyo upande wa pili ili ndege akishtuka ana mlango wa kutokea, ndege mdogo hapendi kuingia mahali penye njia moja.

Ukingo uliokatwa unakata kweli, mi nina alama kidoleni. Pasha moto kijiko cha chuma kwenye jiko la mkaa, pitisha mgongo wake polepole kwenye ukingo wote, plastiki inalainika inajiviringa. Fanyia nje, upepo uwe nyuma yako kwa sababu ule moshi si wa kuvuta, na watoto wakae mbali kazi yao iwe kuchora na baadaye kujaza. Kama hutaki habari ya moto, pasua tyubu chakavu ya baiskeli vipande vyembamba uvibandike kwa gundi ya viatu, lakini basi subiri siku mbili tatu harufu ya gundi iishe ndio utundike.

Kijiti. Toboa kwa ule msumari mkubwa wa moto tundu moja chini ya dirisha, vidole viwili chini ya ukingo, na jingine upande wa pili usawa uleule, pitisha kijiti kitokeze kila upande urefu wa kidole cha kati, basi. Usikiache kirefu, nitasema kwa nini nikifika kwa kunguru.

Sakafuni toboa matundu kumi hivi kwa msumari mwembamba, maji yakiingia yatoke. Mtama haupiti hapo ila ulezi utapita wote, kwa hiyo kama unatumia ulezi kata kipande cha wavu wa dirishani kile cha kuzuia mbu uutandike chini. Cha dirishani nasema, sio chandarua cha kulalia, vyandarua tunavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu na hiyo haifai kukaa na chakula cha kiumbe.

Kutundika ndo kulinisumbua kuliko vyote. Akili inakwambia tundika kwa mpini, si ndio kazi yake? Lakini mpini wa dumu uko upande mmoja, ukitundika hapo dumu linalala kama mlevi na nafaka yote inahamia kona moja inamwagika. Toboa matundu mawili kwenye shingo chini kidogo ya kifuniko, yatazamane, pitisha waya, zungusha juu utengeneze kitanzi. Kifuniko kibaki kimefungwa. Linakaa wima kabisa.

Na kwenye huohuo waya weka kizuizi cha sisimizi, la sivyo utalisha sisimizi. Watu wengine wanapaka grisi, mi sipendi, inaishia kwenye manyoya na tumeshasema habari ya mafuta. Chukua chupa ya nusu lita, kata ile sehemu ya juu yenye shingo na kifuniko, igeuze shingo iangalie chini, umepata kikombe. Toboa kifuniko katikati, pitisha waya, ziba kwa matone ya mshumaa mpaka maji yasivuje, jaza maji. Sisimizi akishuka kwenye waya anakuta bahari. Maji hayo badili kila unapobadili ya kunywa ndege, habari yake iko mbele.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo.

Mtama ndio mfalme. Mweupe au mwekundu wote wanakula, tetere anapenda, shomoro anapenda, mnana anapenda. Chenga za mchele ni rahisi na zinapatikana mashineni, wadogo kama tongo, wale vichwa vyeusi mgongo wa kahawia wanaokuja kundi zima kama wanafunzi wametoka darasani, wanazipenda kwa sababu ya ukubwa wa mdomo wao. Uwele na ulezi pia ni wao. Alizeti ya kawaida ina mafuta na wengi wanaipenda ila wanatupa maganda chini, utafagia. Nafaka ya chini ya mfuko yenye unga ipepete kwa ungo kwanza, vumbi likilowa ndio linaanza ukungu.

Kuna watu watakwambia mchele mkavu unamvimbia ndege tumboni mpaka anapasuka. Uongo mtupu. Kwelea kwelea wanamaliza shamba zima la mpunga na hawapasuki, muulize mkulima yeyote wa Mbarali. Na hapo niseme, mtu wa Mbarali au Kilombero akisoma haya atanicheka, wao wanakesha na makopo na manati kufukuza ndege mi nimekaa Dar nawakaribisha. Ana haki. Kama unaishi karibu na mashamba ya mpunga au mtama na msimu wa kuvuna umefika, achana na habari ya nafaka, weka maji tu au matunda, usije ukagombana na majirani.

Visivyofaa: kitu chochote chenye chumvi, yaani bisi za dukani, karanga za chumvi, krispi, mabaki ya pilau. Mkate sio sumu ila hauna kitu ndani yake, ndege anashiba hewa, na ukilowa unaoza siku hiyohiyo. Karanga na mahindi yaliyoingia ukungu usiweke hata kama unaona hasara kutupa, ile ni sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ndege naye ana ini. Kisichoingia mdomoni mwako kwa sababu kimeoza kisiingie kwenye dumu.

Na hili tafadhali: ukienda duka la pembejeo ukakuta mtama au mahindi yana rangi ya pinki, kijani au buluu, hiyo ni mbegu ya kupanda imepakwa dawa. Inaua. Nunua nafaka sokoni au kwenye duka la vyakula vya mifugo, ya rangi yake ya asili.

Kiasi? Vitanga viwili vya mkono asubuhi. Usijaze dumu. Ikifika jioni kimebaki kingi kesho punguza, kikiisha saa tatu ongeza kidogo. Wanakula sana kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka kama saa tatu, mchana wa joto wanapotea, wanarudi saa kumi jioni. Nakwambia hivi ili usikae saa sita na kikombe cha chai ukasema mbona hawaji. Na siku za kwanza hawaji kweli. Changu kilikaa siku tisa kikavu kama nyumba ya kupanga isiyo na mpangaji, siku ya kumi akaja shomoro dume mmoja, akakaa juu ya kibaraza, akachungulia kichwa chini miguu juu, akaingia. Baada ya nusu saa walikuwa sita. Shomoro ndio wapelelezi, wengine wanafuata wakiona yeye hajafa.

Wapi pa kutundika. Usawa wa kichwa cha mtu mzima au juu kidogo, na kusiwe na ukuta wa paka kujifichia, tawi nene au kichaka ndani ya hatua tatu, kwa sababu paka shume anasubiri hapo. Lakini pasiwe uwandani kabisa, mti uwe jirani ndege apate pa kukimbilia akimwona mwewe. Dirisha la kioo ni hatari nyingine ambayo hatuifikirii, ndege anaona mti ndani ya kioo anaruka nao, ama weka kilishio karibu sana na kioo, hatua moja tu, asipate kasi ya kuumia, ama mbali hatua kumi na zaidi. Katikati ndipo wanapovunja shingo.

Ukiweka juu ya nguzo badala ya kutundika, panya atapanda. Chukua ndoo mbovu, toboa kitako upitishe nguzo, igeuze mdomo chini ikae usawa wa kiuno, panya akifika anajikuta yuko ndani ya kengele hana pa kwenda. Ila dawa kubwa ya panya ni kufagia. Nafaka ikilala chini usiku panya anakuja, na panya akizoea uani kwako anayemfuata ni nyoka, sasa hapo mkeo atakuelewa vipi?

Kuku nao. Jirani yangu ni mama mtu mzima, kuku wake wanatembea mtaa mzima, siku moja alisimama getini akaangalia dumu langu muda mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi hawa ndege unawafuga au unawanenepesha uje uwale?"

"Siwafugi mama, wanakuja wenyewe."

"Ehee. Basi na kuku wangu nao watakuja wenyewe."

Na wakaja kweli! Kesho yake majogoo wawili na kuku jike na vifaranga vyake saba chini ya dumu wanaokota. Kwangu ilikuwa nzuri kwa usafi ila si nzuri kwa kuku, kinyesi cha ndege pori kinawaangukia na magonjwa ya ndege yanahamia kwa kuku, kideri kimo na mafua ya ndege yamo. Nikamweleza, nikahamisha dumu upande wa nyuma kwenye uzio. Kama una banda la kuku usitundike juu yake wala karibu nalo.

Kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu sio wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wasaidie kula takataka za mji, wakavuka bahari wakafika huku bara, na leo Dar unawajua mwenyewe. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, kwa hiyo ukiwalisha wao umewafukuza hao uliowataka. Ndio sababu ya kijiti kifupi, tongo anasimama kwenye urefu wa kidole kunguru hapati pa kukanyaga vizuri, na dirisha la vidole vitano haingii kirahisi. Dumu lililotundikwa kwa waya linayumba akitua na yeye hapendi kuyumba. Lakini ukiweka ugali, dagaa au mifupa, hamna ujanja utakaomzuia, atapata njia. Nafaka tu.

Halafu kuna wale wenye manati. Wiki ya pili tu watoto wa mtaani waligundua kwamba kwa mimi ndege wanakaa kundi, dumu likapigwa jiwe likatoboka ubavuni. Nilitaka kuwafokea, nikakumbuka na mimi utotoni nilikuwa na manati ya mpera na tyubu, ulimbo wa fenesi niliutega pia. Nikawaita wanne, nikawapa madumu mawili wakakata wenyewe, nikawaonyesha kwa karibu chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua. Sasa wakiona mtoto wa mtaa mwingine na manati wanamfukuza wao. Na kama wewe ni mtu mzima unawaza kutumia kilishio kunasia ndege, jua sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali kwa kukamata ndege pori.

Dumu ni kwa walaji nafaka. Wengine hawana habari nalo. Shore, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia anayeanza kelele kabla ya adhana ya alfajiri, anataka tunda. Kwake chukua kipande cha ubao urefu wa mkono, pigilia misumari mitatu itokeze ncha, chomeka nusu ya papai, ndizi iliyoiva imepasuliwa maganda yakiwepo, kipande cha embe. Lile papai lililotobolewa na ndege juu ya mti ambalo hamlitaki tena ndilo hilohilo. Kuzumburu nao watakuja, wale wa kishungi na mkia mrefu kama mjeledi wanaoning'inia kama nguo kwenye kamba. Tunda lisilale, jioni toa, maana usiku ni zamu ya popo na asubuhi ni zamu ya nzi na nyigu.

Kifuu cha nazi kinafaa pia, kile kikubwa kisichotobolewa, baada ya kukuna kwenye mbuzi kisugue kitoke nyama yote, matundu matatu ukingoni, kamba tatu za katani, na tundu moja katikati chini la kutolea maji. Kizuri kwa chenga kidogo kidogo. Kasoro yake ni kwamba hakina paa, kwa hiyo kaa nacho chini ya upenu.

Chozi ndiye mzuri kuliko wote na ndiye anayewafanya watu wakosee. Wanaona video za Marekani za yule ndege mdogo anayeelea hewani akinywa maji mekundu, huyo hayuko Afrika kabisa, chozi wetu anataka kusimama akinywa. Ukitaka kumwekea, sukari nyeupe kipimo kimoja kwa maji vinne, chemsha, poza kabisa, tia kwenye kifuniko kirefu cha chupa kilichofungwa kwenye tawi pembeni ya maua. Rangi usiweke. Asali usiweke, inachacha upesi na inaota ukungu. Na kwa joto la Dar yale maji ni ya siku moja, jioni mwaga. Kwa kweli mi niliacha, nikapanda mshubiri ule wa maua ya rangi ya chungwa na maua mekundu pembeni ya ukuta, anakuja mwenyewe mwaka mzima, hakuna cha kuosha. Wadudu wa bustani nao usiwapige dawa yote, mnana na chozi makinda yao wanayalisha wadudu, huwezi kuziba hilo pengo kwa mtama.

Kama hutafanya lolote kati ya haya yote, weka maji. Kuanzia Juni mpaka mvua za vuli, maji yanavuta ndege wengi kuliko chakula, hata wale ambao hawagusi nafaka. Sinia chakavu, kibia cha udongo, kifuniko cha ndoo kubwa, chochote kipana kisicho kirefu. Kina kisizidi vidole viwili, katikati weka jiwe linalotokeza juu ya maji, bila hilo tongo akizama hapati pa kushika. Lakini hii ni Dar, dengue ilitusumbua 2014 na 2019 na yule mbu anazaa kwenye maji kidogo yaliyotulia, kama hayo uliyoweka. Yai mpaka mbu anaruka ni karibu wiki, basi we ukimwaga kila siku au kila baada ya siku moja na kusugua ukuta wa sinia hawezi kufika. Kumwaga tu bila kusugua hakutoshi, mayai yanagandia pembeni.

Usafi wenyewe hauna ufundi. Kila siku ukiweka chakula kipya toa cha jana kilicholowa. Kila Jumamosi shusha kila kitu, sugua kwa sabuni na brashi ya viatu iliyostaafu, halafu loweka dakika kumi kwenye jiki, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, suuza mpaka harufu iishe, anika juani mpaka kikauke kabisa ndio urudishe. Beseni hilo lisiwe la vyombo vya nyumbani, na mikono uoshe. Ukiona ndege amejikunyata manyoya yamefura, haruki ukimkaribia, macho yanafumba, usimshike, shusha vyote, osha, kaa wiki mbili bila kuweka kitu ili watawanyike. Hawatakufa njaa, kwako wanapita tu, wana sehemu nyingine mtaani.

Masika mi nashusha dumu kabisa, Machi mwishoni mpaka Mei, nafaka haikauki na nje kuna mbegu za majani za kutosha. Na lenyewe halidumu, jua linalikausha, ikifika miezi minane tisa ukilibonyeza linalia kama ganda la karanga, linapasuka na kutoa ncha kali. Likianza kulia hivyo toa kijiti na waya, uvihamishie kwenye jipya. La sasa limeanza kulia wiki iliyopita, na hilo jingine liko jikoni lina mafuta kama robo, nimeshamwambia mama watoto wiki hii tukaange chapati.